Bao la Simu ya Upepo

Speciose Mukakalisa alijifunza bao mwaka wa vita, kwa sababu baba yake alikosa mtu wa kucheza naye.

Walikuwa wakiishi Mabira, Karagwe, kwenye kibanja cha migomba na mibuni kilichoteremka kutoka njia ya miguu hadi karibu na bonde. Baba yake, mzee Athanasi Mbonimpa, alikuwa ameingia nchini kutoka Rwanda miaka mingi nyuma akiwa na mke, ng'ombe wachache, na bao la mti mwekundu lililolainishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Yeye aliliita igisoro. Majirani zake Wanyambo waliuita mchezo huo omweso. Kila upande ulikubali kwamba ni kitu kimoja, mpaka pale mtu alipoanza kushindwa. Hapo ndipo sheria za kwao zilipokumbukwa.

Mwishoni mwa mwaka 1978 mizinga ikaanza kusikika kutoka upande wa mto Kagera. Wenye mifugo waliiswaga kwenda kusini, vijana wakaingia mgambo, na mbele ya nyumba ya mzee Athanasi pakabaki mkeka mtupu. Yeye alikataa kuondoka. Alisema alishakimbia mara moja maishani na mara moja inamtosha. Lakini kukaa bila kucheza kulimshinda. Jioni moja alimwita binti yake, aliyekuwa akimenya ndizi, akamwambia akae upande wa pili wa bao.

“Igisoro na mtoto wa kike, wapi na wapi?” mama yake aliuliza kutoka jikoni.

“Basi niletee mbuzi nicheze naye,” mzee akajibu.

Bao lile lina mistari minne ya mashimo, na kila mchezaji ana miwili yake. Unachota kete za shimo moja, unazisambaza moja moja. Ukiangukia penye kete unaendelea, au unakula za mwenzako. Ukiangukia patupu umelala, naye anacheza. Ni hivyo tu, na bado mtu anaweza kuzeeka hajalimaliza. Speciose alishindwa msimu mzima wa mvua. Kisha siku moja alimwona baba yake akikunja uso, akichota kete, akizirudisha bila kuzicheza. Kuanzia siku ile mzee aliacha kumwonea huruma.

Vita vilipokwisha wanaume walirudi, na Speciose akarudi jikoni. Hakuna aliyemfukuza. Nafasi yake kwenye mkeka ilikaliwa tu na mtu mwingine. Akawa anasikiliza kutoka motoni jinsi kete zinavyoanguka, na kwa sauti hiyo tu alijua nani anakula na nani amelala, na mara nyingi alijua pia shimo ambalo baba yake angepaswa kuchezea.

Aliolewa Kanoni na Gaudiosus, mkulima wa kahawa, mtu mpole asiye na maneno. Miaka ikapita bila mtoto. Gaudiosus hakumpiga wala hakumtukana. Alianza tu kuchelewa kurudi, kisha akaanza kulala kwingine, kisha mama yake akaja kusema kwamba mke mwingine yuko njiani na nyumba ni ndogo. Speciose akafunga nguo zake kwenye kitenge, akarudi Mabira. Wazazi wote wawili walikuwa wameshafariki. Kibanja kilikuwa cha kaka yake Theoneste na mkewe Stephania, mwanamke mcheshi mwenye watoto wengi na maneno mengi zaidi. Walimpokea vizuri. Lakini kila kona ya nyumba ilikuwa na mwenyewe, na Speciose alijikuta akiomba ruhusa hata ya kuchota maji mtungini.

Aliposikia kwamba zahanati moja ya misheni upande wa Kituntu inatafuta mfanyakazi wa usafi, aliondoka. Katika vitu vyote vya baba yake aliomba bao tu. Theoneste, ambaye hakuwa mchezaji, alimpa bila kuuliza la nini.

Simu ya upepo ya zahanati ilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa: sanduku la chuma la kijivu, kipaza sauti chenye kitufe cha kubonyeza wakati wa kusema, betri ya gari chini ya meza, na waya uliopanda hadi kwenye mikaratusi miwili nje. Vituo vya misheni kutoka Kagera hadi Usukumani vilisikilizana humo asubuhi na tena saa kumi jioni, kila aliyemaliza kusema akitamka “ova” ili mwenzake aanze. Dawa zimekwisha, mgonjwa anapelekwa, mama wa padri fulani amefariki, aambiwe. Kwa kuwa sauti zilikatikakatika na majina yalichanganywa, kila kituo kilipewa jina la ndege. Cha Kituntu kiliitwa Kanga.

Sista Auleria, aliyesimamia zahanati, alikuwa mtu wa haraka, na kurudia sentensi ileile kwa mtu aliyeko mbali kulimkera. Siku moja alimpa Speciose kipaza sauti ili yeye akamshone mtoto aliyejikata kwa panga, na aliporudi alikuta ujumbe wote umepokelewa sawasawa. Tangu hapo kazi ya simu ikawa ya Speciose, pamoja na ufagio.

Aliipenda kwa sababu ilimpa chumba. Baada ya watu wa kliniki kuondoka na ukungu kuanza kushuka juu ya migomba, alikaa pale na bao la baba yake mezani, akicheza pande zote mbili. Mkono wa kulia ulikuwa wake, wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine asiye na jina. Wa kushoto haukuwahi kumshangaza.

Ilikuwa mwaka 1985, msimu wa kuvuna kahawa. Saa kumi ile alikuwa akisubiri jibu la daktari kutoka kituo kilichoitwa Korongo, mbali huko Meatu, nchi ya pamba na vumbi. Mwendesha simu wa huko alikuwa mwanamume mwenye sauti nyepesi, isiyo na haraka.

“Kanga, hapa Korongo. Daktari bado yuko wodini. Vumilia kidogo. Ova.”

“Navumilia. Ova.”

Akaendelea kusambaza kete kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono mwingine kikasahauliwa juu ya kitufe. Alipokiachia, sauti ilikuwa ikimsubiri.

“Kanga, hicho kinachogonga ni nini? Ova.”

“Samahani. Ni meza. Ova.”

Mvumo wa hewani ukapita, kama mvua inayonyesha mbali.

“Meza haigongi hivyo. Hizo ni kete. Ova.”

Speciose aliutazama mlango. Hapakuwa na mtu. “Ni kete,” akasema. “Ova.”

“Unacheza na nani? Ova.”

“Peke yangu. Ova.”

Mvumo ukarudi, na Speciose akadhani mwenzake amepotea hewani. Kisha sauti ikasema, “Hata mimi huku. Ova.”

Daktari akaja, wakazungumza habari za mgonjwa, wakafunga. Kesho yake, ujumbe ulipokwisha, Korongo hakufunga. Alimwuliza kama mashimo ya bao lake ni manane kwa urefu. Akasema kwao wanaliita isolo, na kwamba wanawake wanacheza pia, ila wana sheria zao na wanaume zao. “Sasa tutumie zipi?” akauliza.

“Za baba yangu,” Speciose akajibu, akashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kusitasita.

Iliwachukua jioni nyingi kuelewana. Korongo hakuijua namna ya Kinyarwanda ya kurudi nyuma kutoka mashimo fulani, na Speciose hakukubali ile ya kwao ya kuanza. Walibishana kama watu wawili walio kwenye mkeka mmoja. Mwisho walikubaliana sheria za katikati, ambazo hazikuwa za kwa Mbonimpa wala za Meatu, zilikuwa za hewani tu. Kila mmoja aliweka bao lake mezani, akapanga kete zake na za mwenzake. Mashimo walihesabu kuanzia kushoto, moja hadi kumi na sita. Anayecheza alitaja shimo, na wote wawili wakasambaza, kila mtu kwake. Akiishia patupu alisema neno moja: “Nimelala.” Mwenzake kule naye akatazama kama kweli pamekuwa patupu.

Kama kete moja imeangukia shimo lisilo lake, mabao mawili yaliachana njia, na mtu asijue mpaka mbele sana, anaposikia mwenzake amekula kete ambazo kwake hazipo. Ilitokea zaidi ya mara moja. Wakaanza kila mmoja kusoma mashimo yake, kutafuta palipoharibika. Hapakuwa na shahidi. Ungeweza kusema lolote. Mara ya kwanza Speciose alingoja lawama, maana ndivyo alivyozoea. Korongo akasema, “Sijui kosa ni la kwangu au la kwako. Tupange upya. Ova.” Akapanga upya, na alipokuwa akipanga aligundua kwamba anatabasamu, peke yake, katika chumba kinachonuka dawa ya kuoshea sakafu.

Masika betri ilikuwa ikiisha nguvu. Sola ya juu ya bati haikupata jua, na sauti ya Korongo ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikakatika katikati ya mchezo. Siku zilipita. Speciose hakuligusa bao. Alilifunika kwa beseni ili paka asipite juu yake, na Sista Auleria alipotaka meza kwa ajili ya chanjo, alilibeba kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, akaliweka chini ya kitanda chake. Jua lilipotoka na sanduku likawaka, jambo la kwanza kusikika lilikuwa, “Kanga, nilikuwa nimekwambia kumi na moja. Ova.” Hakuuliza alikuwa wapi.

Lakini simu ya upepo si ya watu wawili. Kila kituo kilichofungua sanduku lake kilisikia. Kwanza mtu wa kituo cha Njiwa, katekista wa kisiwani, aliingilia akasema Kanga ameacha kula kwenye tisa. Ikajulikana kwamba naye ameweka bao na anafuatilia. Kisha Kwale, kisha mwingine. Wengine walicheza wao kwa wao, wengine walisikiliza tu na kucheka. Baada ya mwaka mmoja palikuwa na watu kwenye ziwa na mbuga na milima ambao hawakuwahi kuonana, na walijua kwamba Kanga hana haraka ya kula na kwamba Korongo hupenda kulimbikiza kete upande wa kulia. Speciose alikuwa mtu anayejulikana. Akitoka kwenye chumba kile akiwa na ndoo ya kupigia deki, hakuna aliyegeuza kichwa.

Msimamizi wa mtandao, padri mmoja huko Mwanza, aliingia hewani siku moja na sauti kavu. “Masafa haya ni ya wagonjwa na wafiwa. Mchezo ukome. Ova.”

Ukakoma. Wiki kadhaa zilikuwa ujumbe na kufunga, ujumbe na kufunga. Kisha padri yuleyule akatangaza kwamba Jumapili jioni, kama hakuna dharura, vituo vinaweza kuburudika kwa muda mfupi. Alipomaliza akauliza ule mchezo wa mwisho ulikuwa wa nani.

Jumapili zikawa siku za Speciose. Aliwahi misa ya kwanza, akafua, akajipaka mafuta kana kwamba anaonekana. Stephania alikuja mara moja kumtembelea kutoka Mabira, akamkuta amekaa mbele ya sanduku akitaja namba na kucheka.

“Wifi, unaongea na nani?” akauliza.

“Na mtu wa Meatu.”

“Ana mke?”

“Sijui.”

“Kabila gani? Ana umri gani?”

“Sijui, wifi. Tunacheza bao.”

Stephania alilicheka jambo hilo hadi machozi, na aliporudi Mabira alilisimulia kila nyumba. Hakuwa na ubaya. Lakini Speciose, alipobaki peke yake, aliyarudia maswali yale moja moja. Kweli hakujua. Walicheza miaka ile yote mbele ya masikio ya watu, na mbele ya watu mtu hasemi mambo ya moyoni. Hakuwahi kumweleza habari za Kanoni. Hakuwahi kumwuliza kwa nini naye anacheza peke yake. Alijua kikohozi chake. Alijua kwamba akiwa na huzuni hucheza haraka na kujiachia wazi, na wakati huo yeye alimchezea taratibu, akimpa nafasi ya kujikusanya. Hakujua huzuni ilikuwa ya nini. Alimwita kaka, yeye akamwita Kanga, na kila jioni ilianza vilevile: “Habari za huko?” “Nzuri, za kwako?” kama watu wa rika moja.

Mwaka 1991 waendesha simu wote waliitwa Mwanza kwenye semina ya mitambo mipya. Speciose alishona gauni. Alisafiri kwa lori la kahawa hadi Bukoba, akapanda meli, na njia nzima aliliweka bao mapajani likiwa limefungwa kwenye khanga. Abiria waliomwuliza aliwajibu kwamba ni mzigo wa mtu.

Ukumbi ulikuwa na madawati ya shule. Watu walikuwa wakitajiana majina ya ndege na kushangaana. Njiwa alikuwa jitu la miraba minne, Kwale alikuwa kijana mwenye miwani. Speciose alizunguka akisalimia, akitafuta sauti nyepesi, mwanamume wa umri wake labda, au aliyemzidi kidogo. Mtu mmoja alikuwa amekaa mwisho kabisa, kofia magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Mikono yake ilitetemeka, na jicho moja lilikuwa na utando. Aliinua uso, akasema, “Wewe ni Kanga,” na sauti ilikuwa ileile.

Speciose alipiga goti kidogo kabla hajafikiri, maana ndivyo alivyolelewa. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” akajibu, na wote wawili wakaona kwamba kuna kitu kimevunjika.

Jioni walikaa kwenye benchi nje ya bweni, bao katikati yao. Wenzao walikuja kuzunguka, wakifurahi, wakingojea mchezo. Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Luhende, alichota kete na baadhi zikamdondoka. Speciose akaziokota. Hakujua afanye nini na macho yake. Akimtazama usoni aliona ni utovu wa heshima. Akitazama mikono aliona ile mitetemo na kupoteza hesabu. Hewani angemwambia, “Kaka, umelala usingizi mzito leo.” Sasa maneno hayo yangekuwa matusi kwa mtu anayelingana na baba yake. Luhende naye alicheza kwa tahadhari, kama mtu anayecheza na mke wa mwenzake mbele ya watu. Aliacha kula palipolika wazi kabisa. Speciose akashinda, na watu wakapiga makofi.

“Unacheza vizuri, mwanangu,” mzee akasema.

“Asante, mzee.”

Kesho yake na kesho kutwa yake walisalimiana asubuhi, wakakaa madawati tofauti. Siku ya kuagana mzee alimpa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. “Mama watoto alifariki mwaka ule wa themanini na nne,” akasema, akitazama ziwani. “Ndiyo nikaanza kucheza peke yangu.” Speciose alisema pole. Alitaka kumweleza habari za Gaudiosus, na jikoni kwao Mabira, na yeye alivyokuwa akisikiliza kete kutoka motoni. Lori la kwenda Meatu likapiga honi.

Alirudi Kituntu akiwa na uhakika kwamba mambo yamekwisha. Jumapili ilipofika alikaa mbele ya sanduku bila kuliwasha. Alifikiria salamu. Akianza na shikamoo, ataendelea vipi kubishana? Asipoanza na shikamoo, atakuwa mtu wa namna gani? Akawasha, maana hata ujumbe wa wagonjwa ulisubiri. Ujumbe ulikwisha. Hewa ikavuma.

“Kanga, Kanga, hapa Korongo. Habari za huko? Ova.”

Ilikuwa sauti nyepesi, isiyo na umri. Speciose alikibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

“Nzuri, kaka. Za kwako? Ova.”

“Njema. Kule Mwanza palikuwa na mzee mmoja na mwanamke mmoja, hawajui bao hata kidogo. Ova.”

“Niliwaona,” akasema Speciose. “Cheza.”

Wakacheza miaka mitatu mingine. Lakini sasa, kila Korongo alipochelewa kujibu, Speciose aliiona mikono ile ikitafuta kete, naye alisubiri akiwa ameziba mdomo.

Mwaka 1994 watu walivuka kutoka Rwanda kwa maelfu yasiyo na hesabu. Magari ya misaada yalijaza barabara ya Karagwe, na hema zikafunika rweya, nyika ile ya majani iliyokuwa ya kulishia ng'ombe tu. Zahanati ilifurika. Speciose, kwa kuwa alikijua Kinyarwanda, aliitwa kutafsiri kuanzia asubuhi hadi sauti inamkauka. Wanawake wa umri wake walimweleza mambo ambayo alipaswa kuyageuza kuwa Kiswahili kwa ajili ya daktari, na mengine hakuyageuza yote. Simu ya upepo haikunyamaza mchana wala Jumapili. Mara chache, kati ya ujumbe na ujumbe, alisikia sauti ya mbali ikisema, “Kanga, saba yangu,” na kabla hajajibu mtu mwingine alikuwa ameingia juu yake kuomba maturubai. Bao lilikaa na mchezo wa nusu juu ya kabati, likapata vumbi.

Fundi wa mitambo wa shirika moja la misaada, kijana wa Kihaya aliyeitwa Byarugaba, alikuja kuwafungia betri mpya. Aliliona bao akauliza. Speciose alimweleza, akitarajia atacheka kama Stephania. Byarugaba hakucheka. Aliweka bisibisi chini.

“Mama, hicho mlichokuwa mnafanya, Ulaya na Marekani wanakifanya sasa kwa kompyuta,” akasema. “Nilionyeshwa Nairobi. Wanaziunganisha kwa waya wa simu. Mmoja yuko nchi hii, mwingine nchi ile, wanacheza mchezo mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wanacheza wengi pamoja, mamia. Kila mtu ana jina la kujitungia.”

“La ndege?”

“La chochote. Hawajuani.”

Speciose alifikiri. “Na wakikutana inakuwaje?”

“Hawakutani,” Byarugaba akasema, kana kwamba hilo ndilo zuri lake.

Alimaliza kazi, akaondoka na gari lake. Speciose alibaki akiwafikiria watu wale, usiku wa kwao ukiwa mchana wa wengine, kila mmoja chumbani kwake, akitabasamu mbele ya kioo cha kompyuta. Aliwaonea huruma, na aliwaonea wivu kidogo pia.

Wakimbizi waliporudishwa kwao, mwishoni mwa mwaka 1996, rweya ilibaki udongo mwekundu na visiki, na saa kumi ya jioni ikawa tena na nafasi. Speciose alilipangusa bao. Jumapili ya kwanza aliita, “Korongo, Korongo, hapa Kanga.”

Alijibiwa na msichana. Sauti yake ilikuwa safi, ya mtu aliyemaliza shule juzi. “Nakupata, Kanga. Kuna ujumbe? Ova.”

“Namwulizia mzee Luhende. Ova.”

“Alistaafu mwaka jana, macho yalimzuia. Watoto wake walikuja kumchukua. Ova.”

“Wakampeleka wapi? Ova.”

“Sijui, mama. Mmoja anakaa Tabora, mwingine nadhani Mpanda. Ova.”

“Hakuacha neno? Ova.”

Msichana aliuliza mtu pembeni. Speciose alisikia minong'ono. “Hapana, mama. Vitu vyake vyote alichukua. Unataka nimtafutie? Ova.”

Speciose aliutazama waya wa kipaza sauti ulivyojikunja mezani. Angempelekea neno gani, na angeanza na salamu ipi? “Usihangaike, binti,” akasema. “Hakuna ujumbe. Ova na kufunga.”

Alifanya kazi hapo mwaka mmoja zaidi. Njiwa alimwomba wacheze, naye akacheza vizuri, akashinda mara nyingi, lakini akawa anafunga mapema. Kisha Theoneste akafariki. Stephania, ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika mijini, alimwandikia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno na aje. Speciose alimkabidhi Sista Auleria ufunguo wa chumba, akarudi Mabira na kitenge chake na bao.

Wanawake wawili wakabaki na kibanja. Walipalilia, walivuna, walipika ndizi za kuwatosha wao tu. Stephania aliongea, Speciose alisikiliza, na jioni kimya kilipozidi hata kwa Stephania, alisema, “Wifi, hebu nionyeshe hilo bao lako.”

Walikaa mbele ya nyumba. Stephania hakuwa na subira. Alichota kete bila kufikiri, akisimulia habari za harusi ya Kituntu huku akisambaza, akila pasipoliwa, akisahau kulala. Alishindwa kila siku na hakujali hata kidogo. Speciose alimsahihisha polepole, bila hasira. Tatizo lake lilikuwa jingine. Zamu ya mwenzake ilipofika alikuwa akiinamisha kichwa, macho yakitazama chini pembeni mwa bao, akisubiri sauti itaje namba.

“Wifi,” Stephania alisema, “nimeshacheza. Zamu yako.”

Speciose akainua macho, akatazama kete zilipofika, akaanza kuhesabu.